NTFS, exFAT au ext4: Data Ikae Wapi Kwenye Kompyuta Yenye Windows na Linux

Tangu Microsoft ilipositisha huduma kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, wamiliki wengi wa kompyuta ambazo Windows 11 inazikataa wameanza kuweka Linux kando ya Windows badala ya kuing'oa Windows kabisa. Wanazo sababu za msingi: programu ya uhasibu ya ofisini haiendeshwi na mfumo mwingine, printa ya dukani ina dreva (programu inayokiwezesha kifaa kufanya kazi na mfumo) ya Windows peke yake, au mwajiri anadai nyaraka zipitie programu fulani. Kusakinisha mifumo miwili kwenye diski moja si kazi ngumu siku hizi. Ugumu huanza baadaye, pale mtu anapotaka barua aliyoiandika asubuhi akiwa kwenye Windows aikute jioni akiwa kwenye Linux, tena aikute ikiwa nzima.

Linganisho nyingi za aina hii huuliza ni mfumo upi wa faili, yaani utaratibu wa kupanga faili diskini kama NTFS, exFAT au ext4, unaosomeka pande zote mbili. Kwa maoni yangu swali hilo halitoshi, kwa kuwa karibu kila mfumo wa faili unasomeka pande zote mbili kwa njia moja au nyingine. Swali linalopaswa kutangulia ni hili: siku data hiyo itakapopata hitilafu, kati ya Windows na Linux ni nani mwenye chombo cha kuitengeneza? Anayejibu swali hilo kabla ya kugawa diski hujiepusha na taabu kubwa, na ndilo nitakalolitumia kupima kila chaguo hapa chini.

Jambo moja nalichukulia kuwa limekubaliwa tangu mwanzo. Data inayotumiwa na mifumo yote miwili inapaswa kuwa na patisheni yake (sehemu ya diski iliyotengwa peke yake), mbali na ile ya Windows na mbali na ile ya Linux, ili mfumo mmoja ukiharibika na kusakinishwa upya nyaraka zisiguswe. Kuiruhusu Linux iandike moja kwa moja ndani ya diski C ni kuiweka kalamu karibu mno na faili za mfumo wa Windows, na hakuna faida ya kutosha ya kuhalalisha hatari hiyo.

NTFS

NTFS ilikuja na Windows NT 3.1 mwaka 1993, na hadi leo ndiyo lugha ya kuzaliwa ya Windows. Ina kumbukumbu ya mabadiliko, yaani kabla ya kubadilisha mpangilio wa faili huandika kwanza inachokusudia kufanya, hivyo umeme ukikatika katikati ya kazi mfumo unaweza kurudi nyuma na kupatanisha mambo. Kwa upande wa Linux kuna dreva mbili: NTFS-3G, ambayo imetumika kwa miaka mingi, na ntfs3, iliyotolewa na kampuni ya Paragon na kuingizwa kwenye kerneli (kiini cha Linux) toleo 5.15 mwaka 2021. Zote mbili husoma na kuandika, na ya pili kwa kawaida ina kasi zaidi.

Tatizo kubwa la chaguo hili liko kwenye namna Windows inavyojizima. Tuseme mtu amemaliza kazi kwenye Windows, amebonyeza Shut down, kisha amewasha Linux. Anafungua folda ya nyaraka, anaiona barua yake, anaifungua na kuirekebisha. Anapotaka kuhifadhi anaambiwa kwamba mahali hapo ni pa kusoma tu. Wakati mwingine patisheni haifunguki kabisa. Wengi hudhani diski imekufa, na wapo wanaoikimbiza kwa fundi, ilhali diski haina ubaya wowote: Windows haikuwa imezimika sawasawa.

Tangu Windows 8 ya mwaka 2012 kuna kipengele kinachoitwa Fast Startup. Ukikiacha kikifanya kazi, amri ya kuzima humtoa mtumiaji tu, lakini kiini cha Windows huhifadhiwa kwenye faili ya hiberfil.sys pamoja na picha ya patisheni zote zilizokuwa wazi, ikiwemo patisheni yako ya data. Kompyuta ikiwashwa tena, Windows huendelea kutoka kwenye picha ile. Kama Linux ingeruhusiwa kuandika katikati, Windows ingeamka ikiwa na kumbukumbu ya jana na kuandika juu ya mabadiliko ya leo, sawa na makarani wawili wa duka moja ambao mmoja wao anajaza daftari kwa salio alilolikariri kabla mwenzake hajauza. Kwa hiyo dreva ya Linux inapokataa kuandika, inakulinda. Zipo amri za kuilazimisha, na mtandaoni hutolewa kama dawa ya haraka. Nasisitiza zisitumike kwenye patisheni yenye kazi ya mtu.

Dawa ya kweli ni kuzima kipengele hicho. Fungua Control Panel, ingia Power Options, chagua sehemu ya kuamua kazi ya vitufe vya kuzimia, kisha uondoe alama kwenye Fast Startup. Anayependa amri anaweza kufungua terminali kwa haki za msimamizi na kuandika `powercfg /h off`, ingawa amri hiyo huondoa pia uwezo wa kompyuta kulala kwa kuhifadhi kazi diskini. Inafaa kukagua tena mpangilio huu kila baada ya sasisho kubwa la Windows. Pia ni vizuri kujua kwamba Restart huzima kila kitu kikamilifu hata kama Fast Startup ipo, hivyo anayehama kutoka Windows kwenda Linux papo hapo na achague Restart badala ya Shut down.

Tukirudi kwenye kipimo chetu, jibu la NTFS liko wazi: mtengenezaji ni Windows. Amri ya `chkdsk D: /f` ndiyo inayoweza kuchunguza na kurekebisha patisheni ya NTFS kwa kina. Linux ina `ntfsfix`, lakini hiyo hurekebisha kasoro chache tu na kuiwekea patisheni alama ili Windows ije kuikagua. Maana yake ni kwamba NTFS inamfaa anayekusudia kubaki na Windows. Anayepanga kuiondoa Windows mwakani atabaki na nyumba ambayo fundi wake amehama.

exFAT

Mfumo huu ulitolewa na Microsoft mwaka 2006 kwa ajili ya vifaa vya kubebeka, na mwaka 2019 kampuni hiyo ikauchapisha hadharani, jambo lililofungua mlango wa kuingizwa kwenye kerneli ya Linux. Leo mifumo yote miwili huusoma na kuuandika bila kusakinisha kitu, na kila upande una chombo chake cha kuutengeneza: Windows ina chkdsk, Linux ina `fsck.exfat`. Kwa kipimo cha nani anatengeneza, exFAT ndiyo inayoshinda kwa sababu haimtegemei mmoja.

Hata hivyo kuna pengo ambalo kwa mazingira yetu ni zito. exFAT haina kumbukumbu ya mabadiliko. Umeme ukikatika wakati faili zinahamishwa, mfumo hauna daftari la kurejea, na kinachoweza kupotea si faili iliyokuwa ikiandikwa peke yake. Mwenye laptopu yenye betri nzima anaweza kuvumilia hatari hiyo. Mwenye kompyuta ya mezani isiyo na UPS, kwenye mtaa ambao umeme hukatika bila taarifa, asiifanye exFAT kuwa makao ya kudumu ya nyaraka zake.

Kuna pia suala la nafasi, ambalo halisemwi mara nyingi. Windows inapofomati patisheni ya exFAT yenye ukubwa unaozidi GB 32, hugawa nafasi kwa vipande vya KB 128, na kila faili huchukua angalau kipande kimoja hata kama ndani yake kuna mstari mmoja wa maandishi. Faili ndogo 10,000 zitameza zaidi ya GB 1 ya diski hata kama maudhui yake hayafiki MB 50. NTFS kwa kawaida hutumia vipande vya KB 4. Kwa mtu mwenye video na picha tofauti hii haina uzito. Kwa mwanafunzi wa programu au mtafiti mwenye maelfu ya faili ndogo, inauma.

FAT32, mfumo wa faili wa zamani zaidi, naitaja ili kuiondoa mezani: haipokei faili inayofika GB 4, haina kumbukumbu ya mabadiliko, na haina sababu ya kuwekwa kwenye diski ya kompyuta mpya isipokuwa kwenye ile patisheni ndogo ya kuwashia mifumo, ambayo haihusu nyaraka.

ext4

Mtu ambaye siku zake nyingi ziko Linux, na Windows huiwasha mara moja moja kwa kazi maalumu, ana haki ya kuuliza kwa nini nyaraka zake zikae kwenye mfumo wa faili wa mgeni. ext4 ina kumbukumbu ya mabadiliko, inahifadhi ruhusa na umiliki wa kila faili kama Linux inavyotaka, na chombo chake cha matengenezo, `e2fsck`, kimekomaa. Miradi ya programu, mazingira ya Python na kila kitu kinachotegemea ruhusa za faili kinapaswa kukaa humu. Kwenye NTFS, isipopangwa kwa namna maalumu, faili zote huonekana kuwa za mmiliki mmoja zenye ruhusa zile zile, na kazi ya aina hii huvurugika.

Windows haiisomi ext4 yenyewe. Njia rasmi ni amri ya `wsl --mount` ya WSL, sehemu ya Windows inayoendesha Linux ndani yake, lakini ina sharti ambalo huwavunja moyo wengi: huchukua diski nzima, na haikubali diski ambayo Windows yenyewe inawashwa kutoka humo. Mwenye laptopu yenye diski moja hawezi kuitumia. Zipo dreva za watu wengine, nyingine za bure na nyingine za kulipia, lakini kwa nakala pekee ya kazi ya mtu nisingeziamini zaidi ya kusoma. Ndivyo ninavyoiona pia Btrfs, mfumo mwingine wa faili wa Linux, kupitia dreva ya WinBtrfs: ni kazi ya kupendeza na inaandika vizuri, lakini anayeitegemea amejiweka mikononi mwa mradi mdogo.

Kutosomeka huku kuna upande wake mzuri. Kirusi cha aina inayofunga faili na kudai fidia kikiingia Windows, hushambulia kila folda ambayo Windows inaweza kuandika, na patisheni ya pamoja ya NTFS au exFAT iko kwenye orodha hiyo. Faili zilizo ndani ya ext4 hakizioni kama faili. Hiyo si ngome kamili, kwa maana programu yenye haki za msimamizi inaweza kuifuta diski yote, ila ni tofauti ya kweli katika mashambulizi ya kawaida.

Hatari ya ext4 ndani ya Windows ni ya kibinadamu. Ikitokea patisheni hiyo imepewa herufi (kama D:), Windows itaionyesha kama diski isiyoeleweka, na mtu akiibonyeza ataletewa ujumbe kwamba inapaswa kufomatiwa kabla ya kutumiwa, huku kitufe cha kukubali kikiwa tayari kusubiri. Mtoto, mfanyakazi mwenza au mgeni aliyeazimwa kompyuta anaweza kubonyeza kwa nia njema kabisa. Ingia Disk Management na uiondoe herufi hiyo siku ile ile unapomaliza kusakinisha.

Kuacha kushirikiana diski na kupitia mtandao

Wapo wanaoona ni rahisi zaidi kila mfumo uwe na nakala yake, kisha huduma ya mtandaoni izioanishe. Inawezekana, lakini mifumo miwili ya kompyuta moja haiwi macho kwa wakati mmoja, hivyo lazima awepo wa tatu wa kupokea na kupeleka: seva ya mbali, simu, au kifaa cha kuhifadhia kilichoko nyumbani. Data ile ile itachukua nafasi mara mbili kwenye diski moja na itapakuliwa mara mbili kwa bando. Google Drive hutoa GB 15 bure na OneDrive GB 5, na hakuna hata mmoja kati yao anayetoa programu rasmi ya Linux. Faili za OneDrive zenye alama ya wingu ni majina tu diskini, na Linux ikizikuta kwenye patisheni ya NTFS haitaweza kuzifungua. Jambo la kuepuka kabisa ni kuelekeza programu mbili za kuoanisha, moja ya Windows na moja ya Linux, kwenye folda moja ya pamoja. Kila moja ina hesabu zake, na kila moja itayachukulia mabadiliko ya mwenzake kama jambo geni.

Usiri: BitLocker, VeraCrypt au LUKS

Laptopu ikiibiwa, nenosiri la kuingilia Windows halimzuii mwizi kuwasha Linux kutoka kwenye flashi na kusoma kila kilichomo. Kinachomzuia ni usimbaji fiche, yaani kuivuruga data ili isisomeke bila nenosiri au ufunguo. Kwa anayeshika taarifa za wateja, wagonjwa au wanachama wa chama cha akiba, hili si suala la hiari tu: Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na zote zinamtaka anayehifadhi taarifa hizo azilinde.

BitLocker, usimbaji wa Windows yenyewe, ni chaguo la asili kwa patisheni ya NTFS. Linux huweza kuifungua kwa programu ya cryptsetup kuanzia toleo 2.3 la mwaka 2020, kwa nenosiri au kwa ufunguo wa dharura wenye tarakimu 48. Ufunguo huo ndio kiini cha jambo zima. Windows 11 toleo 24H2, inaposakinishwa upya kwenye kompyuta inayokidhi vigezo, huwasha usimbaji yenyewe, na wapo wanaousikia kwa mara ya kwanza pale wanapobadilisha mpangilio wa kuwasha mifumo na kukuta skrini ya buluu inayodai tarakimu wasizozijua. Kabla ya kusakinisha Linux, kagua kama usimbaji umewashwa, uandike ufunguo kwenye karatasi, na karatasi isikae ndani ya mfuko wa laptopu.

VeraCrypt haina upendeleo kwa upande wowote: programu ile ile, nenosiri lile lile, Windows na Linux. Inaweza kusimba patisheni nzima au kutengeneza faili moja kubwa inayofungwa na kufunguliwa kama kasha. Kasha hilo ni jibu zuri kwa anayehitaji kuficha sehemu ndogo tu ya data yake, kwa mfano mishahara na mikataba, na kuacha picha na muziki wazi. Udhaifu wake ni kwamba kasha lisipofungwa vizuri kabla ya kuzima, au umeme ukikatika likiwa wazi, faili zote zilizomo ziko hatarini kwa pamoja.

LUKS ni ya Linux na inaendana na ext4. Kwa mahitaji ya kushirikiana haifai, ila kwa mwenye kuamua kwamba Windows isiguse nyaraka zake kamwe, ndiyo bora kuliko zote tatu.

Saa na majina ya faili

Mambo haya mawili ni madogo lakini huharibu hata mpangilio mzuri. Windows huichukulia saa ya ndani ya kompyuta kuwa saa ya mahali ulipo, na Linux huichukulia kuwa saa ya UTC, saa ya marejeo ya dunia nzima. Kwa Afrika Mashariki tofauti ni saa 3, hivyo baada ya kutoka Linux Windows huweza kuonyesha muda ulio nyuma kwa saa 3, na faili iliyohifadhiwa kabla saa haijajirekebisha kwa mtandao itaonekana kuukuu kuliko ilivyo. Programu ya nakala inayochagua faili mpya kwa kuangalia muda inaweza kuiacha iliyo sahihi. Amri ya `timedatectl set-local-rtc 1` upande wa Linux hulimaliza jambo hili. Waandishi wa Ulaya na Marekani huikataza kwa sababu huko saa husogezwa mara mbili kwa mwaka. Kwetu saa haisogezwi, na katazo hilo linapungua nguvu.

Kuhusu majina, Linux inakubali alama kama nukta pacha na kiulizi ndani ya jina la faili, na huona "Ripoti" na "ripoti" kuwa faili mbili. Windows haikubali. Kwenye NTFS ongeza chaguo la `windows_names` pale unapoieleza Linux namna ya kufungua patisheni, na majina yenye alama zisizofaa yatakataliwa mapema.

Nani achague nini

Kwa mwenye laptopu ya diski moja anayetumia mifumo yote miwili kila wiki, nachagua NTFS bila kusita, Fast Startup ikiwa imezimwa na BitLocker ikiwa imewashwa kama ana taarifa za watu. Kwa anayeishi Linux, nachagua ext4 kwa kazi yake yote, pamoja na patisheni ndogo ya NTFS ya kupitishia faili chache zinazohitajika Windows. Hiyo ndogo ichukuliwe kuwa mahali pa kupitia tu. exFAT naibakisha kwa diski ya nje na flashi, ambako ndiko ilikokusudiwa, na kwa yule ambaye kompyuta yake ina betri na data yake ni filamu na picha ambazo nakala zake ziko kwingine.

Uchaguzi wowote kati ya hizi haumpi mtu nakala rudufu. Patisheni zote tatu ziko kwenye diski moja, na SSD ikifa hufa nazo zote. Tafuta diski ya nje, amua ni mfumo upi kati ya miwili utakaofanya kazi ya kunakili, na uushikilie huo, kwa kuwa nakala zinazotengenezwa leo na Windows na kesho na Linux huishia kuwa seti mbili zisizokamilika. Kama data iko NTFS, Windows ifanye; kama iko ext4, Linux ifanye. Diski ichomolewe kazi ikiisha, ili kirusi kisiikute imeunganishwa, na kila baada ya muda ifunguliwe faili moja au mbili kutoka kwenye nakala, ikiwezekana kwenye kompyuta nyingine. Pamoja nayo iwepo flashi yenye Linux inayowaka bila kusakinishwa. Mwezi Agosti 2024 sasisho la Windows lilizifanya baadhi ya kompyuta zenye mifumo miwili zishindwe kuwasha Linux kwa sababu ya kanuni mpya za Secure Boot, ulinzi unaokagua programu za kuwashia mfumo. Data ilikuwa salama, ila wenyewe hawakuifikia. Flashi iliyotengenezwa kwa toleo jipya la Linux husoma NTFS, exFAT na ext4, na ukiwa na nenosiri au ufunguo hufungua pia BitLocker na LUKS, hivyo nyaraka za haraka zinaweza kutolewa siku hiyo hiyo.